Miaka 36, nilifukuzwa shule kidato cha tatu: nianze na QT (Mtihani wa Maarifa), au kwa uuguzi nimeshachelewa?

Mpishi wa Msamvu aliuliza:

Habari zenu ndugu wanajukwaa. Naomba mnivumilie kwa urefu wa maelezo, kwa sababu jambo hili nimelibeba peke yangu tangu Oktoba, na nikilieleza nusu nitapewa ushauri wa nusu.

Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Morogoro, na mwaka huu wa 2025 natimiza miaka 36. Nauza chakula karibu na stendi ya Msamvu, asubuhi supu na chapati, mchana wali na ugali, na kazi hiyo nimeifanya kwa miaka 14. Nilianza kidato cha kwanza mwaka 2004. Mwaka 2006, nikiwa kidato cha tatu, wasichana tulipangwa mstari tukapimwa ujauzito, kama ilivyokuwa desturi ya shule nyingi wakati ule, na mimi nikakutwa nao. Wiki hiyo hiyo baba aliitwa, akakabidhiwa barua, nami nikaondoka na sanduku langu la bati. Sikumbuki kama nililia. Ninachokumbuka ni kwamba kufuli la sanduku lilikuwa bovu, na baba akalifunga kwa kipande cha kanga ya mama. Mtoto niliyekuwa nimembeba tumboni alizaliwa mwaka 2007, na Novemba iliyopita amefanya mtihani wa kidato cha nne. Matokeo yake tunayasubiri mwezi huu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mwaka juzi mama yangu alipata kiharusi, akauguzwa kwangu kwa miezi saba hadi alipofariki. Muuguzi wa zahanati ya mtaani kwetu alinifundisha kumgeuza kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, ili asipate vidonda vya kulala. Alinionyesha namna ya kuweka mto katikati ya magoti ili mifupa isisuguane, na namna ya kumlisha akiwa ameinuliwa ili uji usimpalie. Nilikuwa naitegesha simu iniamshe. Katika miezi yote saba mama hakupata kidonda hata kimoja, na siku moja muuguzi yule akaniambia kwamba amewahi kuona wagonjwa wodini ambao hawakutunzwa hivyo. Pengine alisema kunipa moyo tu, maana nilikuwa nimechoka hadi naonekana, lakini neno lile halijanitoka.

Tangu msiba upite nimekuwa nikisoma madaftari ya binti yangu usiku, nikishaosha masufuria. Baiolojia naielewa, tena naifurahia. Kemia naielewa nusunusu. Fizikia bado imenifungia mlango.

Nina akiba ya shilingi 1,850,000 kwenye kikoba, ambayo niliiweka kwa nia ya kumsomesha huyo binti. Mume wangu ni dereva wa daladala. Hanikatazi, ila kila nikimgusia hasemi zaidi ya "fanya unavyoona", na walio kwenye ndoa wanalijua neno hilo lilivyo na pande mbili. Ninachoomba mnisaidie ni hiki: njia ya mtu kama mimi kufika chuo cha uuguzi ikoje hasa, na ni miaka mingapi? Je, ni haki kuigusa fedha ya mtoto ambaye ndiyo kwanza anaanza, kwa ajili ya mtu mzima ambaye zamu yake ilishapita? Na wale mliorudi darasani mkiwa na umri kama wangu, mliwezaje kuvumilia kuketi na watoto wanaolingana na wenu?

Mwalimu wa Jioni alijibu:

Dada Mpishi, pole kwa msiba wa mama, na pole pia kwa lile la mwaka 2006 ambalo hukulitia chumvi ingawa ungeweza.

Nimefundisha watahiniwa wa kujitegemea kwa miaka tisa katika kituo cha jioni hapa Dodoma, kwa hiyo nitajikita kwenye njia. Wengi wanaotoka shule kama ulivyotoka wewe hudhani kwamba ni lazima warudi pale pale walipoachia. Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021, uliofuata tangazo la Profesa Joyce Ndalichako la tarehe 24 Novemba mwaka huo alipokuwa Waziri wa Elimu, uliwaruhusu waliokatiza masomo, wakiwemo waliopata ujauzito, kurudi katika shule za kawaida. Huo ni kwa ajili ya mabinti wa sasa. Mlango wako wewe ni wa elimu ya watu wazima, na kwa kweli mlango huo ulikuwa wazi hata mwaka 2006, ila hakuna aliyekuambia. Walipokupa barua ya kukufukuza wangeweza kuongeza mstari mmoja wa kukuelekeza, na mstari huo haukuandikwa.

Kwa kawaida mtu ambaye hakumaliza sekondari hufanya kwanza Mtihani wa Maarifa, ule tunaouita QT, ambao una uzito wa kidato cha pili. Akifaulu, mwaka unaofuata anajisajili kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Yote miwili hufanyika Novemba. Usajili hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, unafanywa kupitia kituo cha mtihani, na ukichelewa unalipa zaidi, kwa hiyo usisubiri hadi Machi. Wanafunzi wangu wa miaka ya karibuni wamelipa shilingi 30,000 kwa QT na 50,000 kwa kidato cha nne. Ulizia kituoni kama viwango ni vile vile. Ada ya mtihani ndiyo gharama ndogo kuliko zote. Kinachokula fedha ni tuisheni ya sayansi, vitabu, na siku ambazo kibanda kitafungwa. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina ofisi mikoani, na Morogoro imo, kwa hiyo anzia hapo kabla hujampa fedha mtu yeyote mwenye bango la "faulu kwa miezi sita".

Jambo moja dogo linalowaliza wengi ni jina. Jina utakalosajili sasa ndilo litakaloandikwa kwenye cheti, na ndilo litakalolinganishwa na cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa na fomu za chuo. Kama ulisoma kwa jina la babu na leo unatumia la mume, lisawazishe kabla ya kujisajili.

Ukisema ulifikia kidato cha tatu, maana yake huenda ulifaulu mtihani wa kidato cha pili mwaka 2005. Kwa utaratibu ninaoufahamu, aliyefaulu mtihani huo na ana uthibitisho anaweza kujisajili kidato cha nne moja kwa moja bila QT, ila ulizia kituoni kama matokeo ya zamani hivyo bado yanakubaliwa. Watakushauri uruke ili kuokoa mwaka. Mimi nakushauri usiruke, hata kama kumbukumbu zako zitapatikana. Miaka 19 bila kushika kalamu ni mingi, na fizikia ya kidato cha tatu haina huruma kwa mtu aliyesahau kuhamisha namba kutoka upande mmoja wa mlinganyo kwenda mwingine. QT itakurudisha kwenye msingi huo kwa lazima.

Kuhusu aibu, nitakueleza nilichokiona. Mtu mzima hashindwi darasani kwangu kwa sababu hana akili, na mara chache hushindwa kwa sababu ya aibu, kwa kuwa aibu huisha wiki ya tatu, pale kijana wa miaka 19 anapomwomba amfafanulie swali. Hushindwa kwa sababu anaacha kufika. Mwezi wa nane hivi viti vya nyuma vinaanza kuwa wazi: mtoto anaumwa, mkaa umepanda bei, shemeji ana harusi. Nilikuwa na mama mmoja muuza samaki ambaye alifanya maswali ya moli, yale ya kemia, nyuma ya karatasi za kufungia bidhaa, kwa sababu daftari lake lilikuwa linanuka na alihisi wenzake wanalisikia. Aliyafanya vizuri kabisa. Agosti akatoweka, nilipompigia akasema atarudi akishalipa mkopo. Sikumwona tena. Kwa hiyo kabla hujaniuliza kama unaweza fizikia, niambie nani atauza supu siku ya Jumanne saa kumi jioni.

Mzee wa Hesabu alijibu:

Binti yangu, nakusalimu. Mimi ni mstaafu wa idara ya utumishi, nimekaa miaka mingi upande wa pili wa meza ya maombi ya kazi, kwa hiyo utanisamehe nikiwa mkavu.

Tupige hesabu. Ukifanya QT Novemba 2025 na kidato cha nne Novemba 2026, matokeo yatatoka Januari 2027. Chuo utaingia mwishoni mwa mwaka huo ukiwa na miaka 38. Stashahada ya uuguzi na ukunga ni miaka mitatu, utahitimu 2030 ukiwa na 41. Hapo bado kuna mtihani wa usajili wa Baraza la Uuguzi na Ukunga na kusubiri leseni, tuseme 42. Sasa chukua tangazo lolote la ajira serikalini usome masharti ya jumla: mwombaji awe raia wa Tanzania na umri wake usizidi miaka 45. Utabaki na miaka mitatu ya kuomba, tena ukishindana na vijana wa miaka 23. Hesabu hiyo haina somo la kurudia, haina mwaka wa kuugua, wala mwaka ambao ada imekosekana.

Naona kwenye mijadala ya namna hii watu hupenda kumleta Mzee Kimani Maruge wa Kenya, aliyeanza darasa la kwanza kule Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Namheshimu marehemu, lakini yeye alisema anataka kujisomea Biblia, na alipotoka darasani hakukuwa na mtoto anayemngoja ampikie wala bosi wa kumwomba kazi. Mfano wake hauhusiani na hesabu yako.

Ninachokuuliza ni hiki: miaka 14 ya jiko unaitupa wapi? VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ambapo fundi aliyejifunzia kazini anapimwa, anaongezewa pale alipopungukiwa, na kupewa cheti. Upishi ni miongoni mwa fani zilizomo. Huhitaji QT wala fizikia. Nenda kaulize VETA Kihonda, hapo hapo kwenu. Ukiwa na cheti cha upishi na akiba hiyo ya milioni na laki nane unaweza kuomba kupika kwenye shule, hoteli au kambi ya mradi, na binti akasoma bila wasiwasi. Kuanza upya kunakoheshimu ulichokwisha kukijenga nako ni kuanza upya.

Muuguzi wa Kilosa alijibu:

Mzee wa Hesabu, shikamoo. Hesabu yako ni sahihi hadi ulipoisimamishia. Kikomo cha miaka 45 ni cha kuingia utumishi wa umma. Mimi niliingia chuo nikiwa na miaka 33, kabla ya hapo nilikuwa fundi cherehani, na hadi leo sijawahi kuajiriwa na serikali. Nipo hospitali ya misheni, na waliponiita kwenye usaili waliniuliza kama naweza zamu za usiku, hawakuniuliza nilizaliwa lini. Mshahara ni mdogo kuliko wa wenzangu wa serikalini, hilo sitaficha, na kuna miezi umechelewa. Hata hivyo ni mkubwa kuliko cherehani ilivyonilipa.

Dada Mpishi, mambo ya kujiunga ni haya. Kwa stashahada ya uuguzi na ukunga unatakiwa uwe na ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini katika kidato cha nne, na kati ya hayo lazima ziwemo kemia, baiolojia na fizikia. Hisabati na Kiingereza ni nyongeza inayokusaidia kwenye ushindani. Ufaulu maana yake ni kuanzia D, na D inaanzia alama 30. Nakutajia hiyo 30 kwa makusudi, kwa sababu na mimi fizikia ilinifungia mlango, nami niliacha kuipenda nikaamua kuitafutia alama 30 tu. Nilichagua mada chache, nikazifanya hadi nikaziota: nguvu, shinikizo, mwanga na umeme wa sakiti rahisi. Mara ya kwanza nikapata F. Nikarudia somo hilo mwaka uliofuata, nikapata D, na ile D nilifurahi nayo kuliko B yangu ya baiolojia.

Hapo natofautiana na Mwalimu. Kama uthibitisho wa kidato cha pili upo, ruka QT. Mwaka mmoja katika umri wako ni mali, na ukifeli fizikia mara ya kwanza kama nilivyofeli mimi, mwaka ule uliouokoa ndio utakaoutumia kurudia.

Ada ya chuo changu, cha binafsi, ilikuwa shilingi 1,400,000 kwa mwaka, na hiyo haikuwa na sare, viatu, bima, malazi wala nauli za kwenda mafunzo kwa vitendo. Kwa hiyo akiba yako ni ya mwaka mmoja na kidogo. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo imeanza kukopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, na za afya zimo, ila masharti hutolewa upya kila mwaka, hivyo usijenge nyumba juu ya mkopo ambao hujaupata.

Sasa nikuambie jambo ambalo hutalipata kwenye mwongozo wa udahili. Wewe ulikuwa na mgonjwa mmoja, na mgonjwa huyo alikuwa mama yako. Usiku wangu wa kwanza wodini tulikuwa wauguzi wawili kwa wagonjwa 38. Nilikuwa najua kabisa kwamba mzee wa kitanda cha pembeni anatakiwa kugeuzwa saa nane, na saa nane ilipofika nilikuwa nimeshika damu ya mtu mwingine. Nilimgeuza saa kumi na moja kasoro. Asubuhi mgongo wake ulikuwa umeanza kuwa mwekundu. Ulichokifanya kwa miezi saba ndicho tunachofundishwa, na mara nyingi ndicho tunachokosa nafasi ya kukifanya. Hilo linauma zaidi kwa mtu aliyeingia kazi hii kwa sababu kama yako kuliko kwa aliyeingia kwa kupangiwa tu. Sikukatishi tamaa. Nataka ulijue mapema, kwa sababu wapo watu wazima wawili darasani kwetu walioacha mwaka wa pili, na wote walikuwa na alama nzuri.

Kuhusu kuketi na watoto: wataanza kukuita "mama", kisha watakutumia kuwaombea ruhusa kwa mkuu wa chuo. Utazoea.

Mtoto wa Mwanafunzi alijibu:

Dada Mpishi, sina utaalamu, ila swali lako la pili, la kuigusa fedha ya mtoto, hakuna aliyeligusa, na mimi nimeliishi kwa upande wa mtoto.

Mama yangu alifanya QT nilipokuwa kidato cha pili. Hakuniambia. Nilikuta risiti ya tuisheni yake ndani ya mkoba, mwezi ule ule aliokuwa ameniambia hakuna fedha ya tuisheni yangu ya hisabati. Nilikaa wiki mbili bila kuzungumza naye vizuri, na kwa kweli hadi leo, nikiwa na miaka 26 na yeye akiwa ofisa ustawi wa jamii, tukigusa jambo lile tunakwenda taratibu. Sikukasirika kwa sababu alisoma. Nilikasirika kwa sababu nilijua kwa risiti. Mwambie binti yako kabla hujatoa hata shilingi moja, tena mwonyeshe daftari la kikoba, umweke kwenye hesabu. Tena jueni kwamba tangu mwaka wa masomo 2022/2023 shule za serikali hazitozi ada kidato cha tano na sita. Akichaguliwa huko kutabaki godoro, sare, nauli na michango, ambayo si midogo, lakini si milioni na laki nane.

Na nyongeza moja kwa Mzee wa Hesabu, kwa heshima: mama yangu naye alishauriwa ushonaji.

Mpishi wa Msamvu alijibu:

Nimesoma majibu yote zaidi ya mara moja, mengine nikiwa nimesimama jikoni. Ahsanteni sana. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka nije na kitu mkononi.

Kwanza, nilimwambia binti yangu, siku mbili kabla ya matokeo kutoka. Alinyamaza, kisha akaniuliza kama yale madaftari yake nayatunza au nayapaka mafuta ya chapati. Matokeo yametoka, amepata daraja la pili, na tunasubiri uchaguzi wa kidato cha tano. Tumekubaliana kwamba milioni moja haiguswi hadi ajulikane anakwenda wapi, na zile laki nane na nusu ndizo nitakazoanza nazo mimi. Ameandika mwenyewe kwenye daftari la kikoba, akaweka sahihi yake na yangu, kama mkataba.

Pili, nilikwenda kwenye shule yangu ya zamani kuulizia kumbukumbu za mwaka 2005. Karani alikuwa kijana mstaarabu. Alitoa rejesta ya zamani, akanitajia kurasa, na tulipofika kwenye jina langu nikaona limepigwa mstari kwa wino mwekundu, na pembeni neno moja, "mimba", bila tarehe. Akaniuliza kama namfuatilia mdogo wangu. Nikamwambia ni mimi. Hakujua aseme nini, akanivutia kiti. Rejesta inaonyesha niliingia kidato cha tatu, lakini karatasi ya matokeo ya kidato cha pili haipo, na akanieleza kwamba kuyatafuta matokeo ya mwaka ule kunaweza kuchukua miezi mingi. Kwa hiyo Mwalimu na Muuguzi msigombane, rejesta imeamua: nimejisajili QT. Jina nimeandika la kwenye cheti cha kuzaliwa.

Mzee wangu wa Hesabu, ushauri wako nimeupokea kwa unyenyekevu, na Kihonda nilikwenda, sikupuuza. Nimechukua maelezo yao na nimeyaweka. Ila nilipokuwa pale nikisikiliza habari za vyeti vya upishi nilijikuta nawaza saa nane za usiku za Muuguzi wa Kilosa na yule mzee wa pembeni. Nilijiuliza kama mtu anaweza kupita mwenyewe na mto wa akiba. Huenda ni ujinga wa mtu ambaye bado hajaingia wodini, nanyi mtanicheka baadaye.

Kuhusu Jumanne saa kumi jioni, mume wangu hakusema tena "fanya unavyoona". Alisema Jumanne gari lake hupumzika, na kwamba chapati hawezi ila chai na maandazi ya kununua anaweza kuuza. Nimemwambia tutaona.

Kilichobaki ni fizikia. Mwenye kujua panapouzwa vitabu vilivyotumika vya kidato cha kwanza na cha pili hapa Morogoro mjini, kwa bei ya mtu wa kawaida, naomba anielekeze. Cha binti kimepotea kurasa za shinikizo.